Kufanya Mazoezi ya Tumbo kwa Usalama: Kitandani au Sakafuni

Watu wengi wa Unguja na Pemba wanaotaka kukaza misuli ya tumbo hufanya mazoezi yao chumbani, na sababu zao zinaeleweka. Si kila mtu anayeweza kujiunga na vikundi vya mazoezi vinavyoonekana barabarani alfajiri, vile ambavyo kila tarehe 1 Januari hutembea kwa wingi katika Siku ya Mazoezi Kitaifa. Mama wa nyumbani anataka stara yake, mzee hataki kukimbizwa na vijana, na mfanyakazi hurudi nyumbani jua limeshakuchwa. Chumbani nako mara nyingi kitanda ndicho kilichojaza nafasi, na kwa kuwa kipo na ni laini, mtu hulala chali juu yake akaanza kunyanyua kiwiliwili. Makala hii inaeleza mazoezi gani yanafaa kitandani, yapi lazima yateremshwe sakafuni, na namna ya kupaandaa pahala pote pawili ili kiuno na shingo visiumie. Msimamo wangu nausema mapema: kwa mtu mzima mwenye afya, anayeweza kushuka chini na kuinuka bila ya kushikwa, pahala pake ni sakafu iliyotandikwa vizuri. Kitanda ni cha yule ambaye kushuka chini kuna hatari kubwa kwake kuliko ulaini wa godoro, na hata huyo ana mazoezi yake maalumu, ambayo si yale ya kujiinua.

Kinachotokea chini ya kiuno

Misuli ya tumbo ni ya matabaka. Upo msuli wa mbele unaoshuka kutoka mbavuni hadi kinenani, ipo ya ubavuni inayopita mshazari, na upo wa ndani kabisa unaouzunguka mwili kama mkaja uliofungwa barabara. Kazi kubwa ya misuli hii katika maisha ya kila siku si kuukunja mwili, bali ni kuushikilia uti wa mgongo usiyumbe mtu anapobeba ndoo ya maji, anapokaa juu ya mbuzi kukuna nazi au anaponyanyua mtoto. Sehemu ya chini ya uti huo ina pingili 5, na baina ya pingili na pingili kuna diski inayopokea uzito. Mazoezi mazuri ya tumbo ni yale yanayoifanyisha misuli kazi bila ya kuzibana au kuzikunja diski hizo kupita kiasi, na hapo ndipo suala la kitanda na sakafu linapoingia.

Mtu akilala chali juu ya sakafu, kisogo, mgongo wa juu na makalio yake huwa katika usawa mmoja, na chini ya kiuno hubaki uwazi mdogo unaotosha kupenyeza kiganja. Uwazi huo ni wa kawaida na ndio umbo la kiuno kilichotulia. Akilala juu ya godoro laini, makalio, ambayo ni sehemu nzito, huzama zaidi kuliko mgongo, na kiuno hujikuta kimekunjika kabla zoezi lenyewe halijaanza. Ukipitisha mkono chini ya kiuno ukiwa umelala juu ya godoro la sponji lililochoka, hutaukuta ule uwazi, kwani sponji imepanda ikaujaza na makalio yamo shimoni. Kila utakachokifanya baada ya hapo utakifanya ukiwa umeanzia pabaya, na mbaya zaidi ni kwamba ulaini wa godoro hukufanya usihisi kuwa kiuno kimepotoka.

Zoezi la kujiinua kutoka kulala hadi kukaa, ambalo vijana huliita sitapu au kupiga tumbo, limechunguzwa kwa kina. Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada ambaye ameshughulikia uti wa mgongo kwa miaka mingi, alipima akakuta kwamba sitapu hubana diski za kiuno kwa nguvu ya nyutoni 3,300 hivi, yaani sawa na uzito wa zaidi ya kilo 330. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama wa wafanyakazi huchukua takriban nyutoni 3,400 kuwa mpaka ambao mzigo wa kazi ukiuvuka, kiuno kimo hatarini. Mtu anayepiga sitapu nyingi kwa siku huukaribia mpaka huo kila anapojiinua. Jeshi la Majini la Marekani liliwaondolea askari wake zoezi la namna hiyo katika mtihani wa mwili mwaka 2021, na mahali pake likaweka planki, yaani kujishikilia kifudifudi juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili ukiwa umenyooka. Ikiwa askari vijana wameondolewa zoezi hilo, sioni kwa nini mama wa miaka 50 aliyeko Chake Chake alishikilie.

Kitandani sitapu huwa mbaya zaidi. Makalio yakiwa yamezama, kiwiliwili kina kilima cha kupanda, na kwa kuwa misuli ya tumbo haikiwezi kilima hicho peke yake, mtu hutafuta msaada bila ya kujua. Huchomeka vidole vya miguu chini ya ubao wa kitanda, na misuli ya nyonga inayoanzia kwenye pingili za kiuno ikaanza kuzivuta pingili hizo. Au hujirusha kwa kutumia mdundo wa springi, na mdundo humrudisha chini kwa kishindo asichoweza kukizuia. Mto nao huisukuma shingo mbele mpaka kidevu kigande kifuani. Wapo wanaosogea ukingoni wakaining'iniza miguu hewani, kisha wakaipandisha na kuishusha yote miwili. Hili naliona kuwa ndilo zoezi baya kuliko yote ya kitandani, kwani uzito wa miguu hukipinda kiuno kwa nyuma na hakuna kitu chini yake cha kukipokea.

Planki pia haifai juu ya godoro. Viwiko huzama, mabega hulazimika kusawazisha kinachoyumba, na kiuno huporomoka chini bila ya mwenyewe kutambua. Nimesikia hoja kwamba pahala panapoyumba huifanyisha misuli kazi zaidi. Hoja hiyo ina ukweli kwa mpira mkubwa wa mazoezi uliojazwa upepo barabara, unaotumiwa na mtu aliyekwisha kuyamudu mazoezi ya chini. Godoro haliyumbi kwa namna ile, bali hudidimia pale penye uzito na kubaki limedidimia.

Kulipima godoro na kitanda

Kabla ya kuamua, kipime kitanda chako. Liinue godoro utazame chaga: iliyovunjika, iliyolegea misumari au iliyoachana sana hufanya bonde katikati ya kitanda, hata godoro likiwa jipya. Lirudishe, kisha upige goti moja katikati yake na uweke uzito wako juu ya goti hilo. Godoro likididimia vidole viwili au vitatu tu, litavumilia mazoezi mepesi nitakayoyaeleza mbele; goti likitopea zaidi ya hapo, hilo ni godoro la kulalia tu. Godoro la sufi lililoshindiliwa kwa miaka mara nyingi huwa gumu na la kufaa, lakini lina vinundu, basi lisawazishe kwa mkono kwanza. La springi hufaulu kipimo hiki mara chache sana.

Kitanda cha kamba, kile ambacho wazee wetu wamekiita teremka tukaze kwa kuwa kamba zake hulegea na kila baada ya muda lazima wenyewe wateremke zikazwe upya, kisifanyiwe zoezi lolote la tumbo. Kamba hufuata mwili, na mwili ukawa umepinda toka kichwani hadi miguuni. Anayekilalia na hana kingine, na hawezi kushuka chini, aombe kitandikwe ubao wa plaiwudi juu ya kamba, na godoro jembamba juu ya ubao. Ubao kama huo huwekwa pia juu ya chaga mbovu, na hubadilisha kitanda kizima kwa gharama ndogo.

Kuiandaa sakafu

Sakafu nayo ina madhara yake isipotandikwa vizuri. Ugumu wa saruji au marumaru huumiza kifandugu, viwiko, magoti na, kwa mtu mwembamba, vifupa vya uti wa mgongo, na maumivu hayo humfanya ajikunje vibaya ili kuyakimbia. Mkeka wa ukindu peke yake ni safi na mzuri wa kulalia, lakini hauna unene, na jamvi vivyo hivyo. Tandika mkeka chini, juu yake weka blanketi zito au mfarishi uliokunjwa hata upate unene wa sentimita moja na nusu au mbili. Kanga moja ikunjwe mara nyingi ipatikane kimto chembamba cha kichwa, na nyingine iwekwe karibu kwa ajili ya magoti. Mkeka wa mazoezi wa mpira, wenye unene wa milimita 8 hadi 10, ukiupata ni bora, hasa kwa kuwa hautelezi. Msala wa kusalia usitumiwe kwa kazi hii, kwani jasho na vumbi ni vingi.

Kuteleza ndiyo hatari ya sakafu inayosahauliwa. Mkeka wa ukindu juu ya marumaru huteleza mtu anapoegemea mikono, na wakati wa masika sakafu hutoka unyevu hata ndani ya nyumba. Pangusa kwa kitambaa kikavu, tandika taulo lenye maji kidogo sana chini ya mkeka ili lishike, na jaribu kwa kuusukuma kwa viganja kabla ya kuupanda. Hakikisha una nafasi ya mita mbili kwa urefu na ya kunyoosha mikono kwa upana, mbali na pembe ya kabati na miguu ya kitanda. Kung'uta mkeka uliokuwa umekunjwa pembeni, kwa sababu tandu hupenda kujificha humo. Dirisha liwe wazi, na katika miezi ya kaskazi, joto linapokuwa kali, yaache mazoezi ya mchana, uyafanye jioni.

Mchanga wa pwani huulizwa sana, kwa hiyo niutaje. Maji yanapokupwa, mchanga uliobaki na unyevu ni mgumu wa kutosha, ila pwani ina mteremko. Lala kichwa kikiwa upande wa juu. Mchanga mkavu uchukulie kuwa godoro.

Saa ya kwanza baada ya kuamka

Wanaofanya mazoezi kitandani wengi wao huyafanya papo hapo wanapofumbua macho, na hili peke yake ni sababu ya kuumia ambayo haihusiani na ulaini wa godoro. Usiku diski za uti wa mgongo hunyonya maji na kuvimba, ndiyo maana mtu huamka akiwa mrefu kidogo, sentimita moja au mbili, kuliko alivyokuwa jioni. Diski iliyovimba haikunjiki kwa urahisi, na kuikunja kwa nguvu wakati huo huitia mkazo mkubwa kuliko kuikunja saa za baadaye. Stover Snook na wenzake wa Marekani walichapisha mwaka 1998 utafiti ulioonyesha kwamba watu wenye maumivu sugu ya kiuno waliofundishwa kujizuia kuinama katika saa za mwanzo za asubuhi walipungukiwa na maumivu. Sehemu kubwa ya urefu ule wa ziada hupotea katika saa ya kwanza baada ya kuamka, kwa hiyo kanuni ni nyepesi: amka, sali, tembea, fagia uani, kunywa chai nyepesi, na mazoezi ya tumbo yasubiri saa moja au zaidi. Miinamo ya swala ni michache, ya taratibu na haina mzigo, basi hili lisimtie mtu wasiwasi. Na ambaye kiuno kinamuuma kweli ana ruhusa ya kusali kwa kukaa.

Chakula nacho kinahitaji muda. Baada ya mlo mkubwa, ngoja saa mbili. Katika Ramadhani wakati unaofaa ni baada ya tarawehe, futari ikiwa imeshatulia na maji yameshanywewa ya kutosha. Kabla ya futari mwili umekauka, na baada ya daku tumbo limejaa.

Mazoezi ya sakafuni

Nayapendekeza matatu ambayo McGill ameyafundisha kwa miaka mingi kwa watu wenye viuno vinavyouma, kwani yanaikaza misuli yote ya tumbo huku kiuno kikibaki katika umbo lake. Katika yote usizuie pumzi. Anayezuia pumzi wakati wa kukaza hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla, na kwa mwenye presha hilo si jambo dogo. Toa pumzi unapotumia nguvu, na unaposhikilia endelea kupumua kidogo kidogo. Ukiweza kuhesabu kwa sauti, unapumua.

La kwanza huanzia katika kulala chali. Kunja goti moja, unyayo uwe chini, na mguu wa pili ubaki umenyooka. Penyeza viganja vyote viwili chini ya kiuno, vikilala kifudifudi, na uvitumie kama walinzi wa ule uwazi: usivikandamize, wala usivikimbie. Kaza tumbo kiasi kile linachokaza lenyewe unapotaka kukohoa. Sasa nyanyua kichwa na mabega kwa pamoja, kwa kimo cha vidole viwili tu kutoka kimtoni, macho yakitazama dari na kidevu kikiwa mbali na kifua. Mgongo wa katikati haunyanyuki. Shikilia hadi sekunde 10, kisha shuka polepole. Watu wengi wakiona kimo hicho hudhani hawafanyi kitu, wakapanda juu zaidi; lakini ukiweka mkono tumboni wakati huo utauhisi msuli umekuwa mgumu mzima, na kupanda zaidi huiongezea kazi misuli ya nyonga na kuiongezea mzigo diski. Rudia mara 5, badilisha mguu, rudia tena.

Kwa zoezi la pili piga magoti na uweke viganja chini, mikono ikiwa wima chini ya mabega na mapaja wima chini ya nyonga. Ile kanga ya akiba iwe chini ya magoti. Nyoosha mguu wa kulia nyuma na mkono wa kushoto mbele, mpaka vyote viwe sawa na mgongo, visipite juu yake. Muombe mtu wa nyumbani akuwekee rula ya skuli juu ya kiuno: ikianguka, kiuno kimejipinda au nyonga imeinuka upande mmoja, na dawa yake ni kuupunguza urefu wa mguu, si kuongeza nguvu. Shikilia sekunde 8 hadi 10, badilisha upande. Asiyeweza kunyoosha vyote viwili aanze na mguu peke yake.

La tatu ni la ubavu. Lala ubavu, egemea kiwiko kilicho chini kabisa ya bega, kunja magoti, kisha nyanyua nyonga mpaka mwili toka magotini hadi begani unyooke. Mkono wa juu ushike bega la upande wa pili. Anayelimudu kwa wiki kadhaa anaweza kunyoosha miguu akaegemea nyayo. Bega likiuma, acha. Sakafu ngumu huliumiza bega haraka kuliko misuli inavyochoka.

Baada ya haya, planki ya viwiko inaweza kuongezwa. Sekunde 10 zilizorudiwa mara kadhaa kwa umbo zuri zina faida kuliko dakika nzima ambayo nusu yake kiuno kimeporomoka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wafanye mazoezi ya kukaza misuli mikubwa walau siku mbili kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani. Siku tatu kwa wiki, zikipishana na siku za kupumzika, zinatosha. Kutembea ndiko kunakopunguza kitambi, pamoja na kupunguza wali na mandazi. Mazoezi ya tumbo hukaza misuli iliyo chini ya mafuta, hayayayeyushi mafuta ya hapo peke yake.

Mazoezi ya kitandani

Nani abaki kitandani? Kipimo ninachokiamini ni cha swala: ambaye kwa sababu ya magoti, nyonga au kizunguzungu husali juu ya kiti, asilazimishwe kushuka sakafuni kwa ajili ya tumbo. Pamoja naye yumo anayepata nafuu baada ya maradhi marefu, na mzee anayekaa peke yake ambaye akianguka hana wa kumnyanyua.

Shangazi yangu wa Wete ni mmoja wao, na anavyofanya yeye ni mfano mzuri. Chini ya godoro lake kuna ubao. Chandarua amekifunga juu ili miguu isikinase, mito ameiondoa akabakisha mmoja mwembamba, na amelala katikati ya kitanda, magoti yote mawili yakiwa yamekunjwa na soksi miguuni ili visigino viteleze. Mkono mmoja umelala chini ya kitovu, kwani hapo ndipo anapousikia msuli.

"Shangazi, toa pumzi kwanza, ndipo uburute," namwambia.

"Haya mwanangu, natoa."

Tumbo hujivuta ndani kidogo, kisha kisigino cha kulia huteleza juu ya shuka hadi mguu unyooke, na hurudi kwa mwendo ule ule. Kiuno chake hakisogei. Kikianza kuinuka kutoka godoroni, huishia hapo hapo alipofikia, kwani huo ndio mwisho wa nguvu ya tumbo lake kwa siku ile. Kisha zamu ya kushoto. Akimaliza, huacha goti moja liangukie nje polepole huku nyonga ya pili ikitulia, akalirudisha. Halafu hunyanyua unyayo mmoja baada ya mwengine kwa kimo cha kiganja, bila ya kuharakisha. Hayo matatu, pamoja na kupumua kwa kina tumboni kabla ya kuanza, yanamtosha, na katika yote kichwa chake hakitoki mtoni. Kanuni ya kitanda ni hiyo: miguu ifanye kazi mmoja mmoja, kiwiliwili kikae.

Kutoka kitandani nako ni zoezi. Usijivute kwa kukaa moja kwa moja kutoka chali. Geuka ubavu, teremsha miguu ukingoni, sukuma kwa kiwiko na kiganja, kaa kidogo kichwa kitulie, ndipo usimame.

Wanaopaswa kusubiri au kuuliza kwanza

Mzazi aliyejifungua ana haki ya kupumzika arubaini yake, na haya ya kukaza tumbo yasiingizwe kwa haraka eti kwa kuwa mkaja hautoshi. Kupumua na kuburuta kisigino kitandani huweza kuanza mapema kwa aliyejifungua kwa njia ya kawaida na hana maumivu. Aliyepasuliwa asianze lolote mpaka daktari au mkunga aridhie. Baada ya hapo ajipime: alale chali magoti yamekunjwa, anyanyue kichwa kidogo, na vidole vitafute bonde katikati ya tumbo, juu na chini ya kitovu. Bonde likipita upana wa vidole viwili, au tumbo likichomoza katikati anaponyanyua kichwa, misuli bado imeachana, na kila zoezi la kunyanyua kichwa au planki liwekwe kando mpaka amuone mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali kubwa, kama ile ya Mnazi Mmoja, Unguja. Mjamzito aliyevuka miezi minne asilale chali kwa muda mrefu, kwani uzito wa mimba hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni.

Mwenye ngiri asifanye zoezi lolote la kukaza tumbo kabla ya kuchunguzwa. Mtu mzima ambaye mifupa yake imepungua ugumu aepuke kila zoezi la kujikunja mbele, awe kitandani au sakafuni. Na yeyote ambaye maumivu ya kiuno yanashuka mguuni, au mguu unakufa ganzi, aache na aende hospitali. Ikiwa ganzi imeingia baina ya mapaja, au haja ndogo imezuilika au inamtoka bila ya kujua, aende siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku.

Kuhama kutoka kitandani hadi sakafuni

Anayepata nguvu baada ya kuanzia kitandani asiteremke siku moja. Dalili kwamba yuko tayari ni mbili: anaburuta kisigino mpaka mwisho kwa miguu yote miwili bila ya kiuno kunyanyuka, na anaweza kukaa juu ya kiti na kusimama mara kadhaa bila ya kushika kitu. Akifika hapo, ajifunze kwanza kushuka na kuinuka, kabla ya zoezi lenyewe, na mara za mwanzo awepo mtu karibu. Kiti kizito kisicho na magurudumu kiwekwe ukutani. Ashike kiti kwa mikono miwili, ashushe goti la mguu ulio dhaifu, kisha la pili, aweke viganja chini, akae ubavu, ndipo alale. Kuinuka ni kinyume chake: ageuke ubavu, ajisukume mpaka awe juu ya magoti na viganja, atambae hadi kwenye kiti, aweke mikono juu yake, atangulize mguu wenye nguvu, unyayo ukanyage barabara, na asimame huku akitoa pumzi. Wiki ya kwanza godoro jembamba lililo gumu litandikwe chini, na juu yake afanye yale yale aliyokuwa akiyafanya kitandani. Likimchukua bila ya maumivu, liondolewe, ubaki mkeka na mfarishi, na hapo ndipo aanze kunyanyua kichwa na mabega kwa vidole viwili.